Jinsi ya Kuandaa Jedwali la Idadi ya Watu na Maeneo ya Utawala ya Kaunti ya Mashambani: Mwongozo Kamili

Rasimu za wasifu wa kaunti zinazoandaliwa na wanafunzi, vikundi vya kijamii na kamati za wadi hukwama mahali pamoja: idadi za maeneo madogo zikijumlishwa haziifikii idadi ya kaunti nzima, au huipita. Mwandishi hurudia hesabu mara mbili, mara tatu, akaiona iko sawa, kisha akatia neno "takriban" mbele ya jumla na kuendelea. Mara nyingi hesabu yake huwa sahihi kweli. Kilichokosewa ni kuweka katika jedwali moja maeneo ya mipangilio miwili tofauti ya utawala, au idadi za sensa mbili tofauti.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia Kaunti ya Tharaka-Nithi, ambayo ni ndogo kiasi cha kutosha ukurasa mmoja na bado ina karibu kila mtego unaopatikana katika kaunti nyingine za mashambani nchini Kenya. Ukiiweza hiyo, njia ni ile ile kwa Marsabit, Kwale au Nyandarua.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi vyote kwanza, kwa sababu anayeanza na kimoja huishia kujaza mapengo kwa kukisia.

- Juzuu ya Kwanza ya matokeo ya Sensa ya 2019 ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), yenye idadi za kaunti na kaunti ndogo.
- Juzuu ya Pili ya sensa hiyo hiyo, inayoshuka hadi kata na kata ndogo.
- Agizo la mipaka ya maeneobunge na wadi la 2012, lililotokana na kazi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Ndilo linalotaja kila wadi inaundwa na kata ndogo zipi.
- Orodha ya sasa ya kata na kata ndogo kutoka ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, au kwa machifu wenyewe.
- Ramani inayoonyesha mipaka ya kata ndogo, hata kama ni nakala iliyofifia.
- Lahajedwali kwenye kompyuta na daftari la kuandikia kila uamuzi unaoufanya njiani. Daftari hilo usilipuuze, kwani baada ya miezi miwili hutakumbuka kwa nini kata ndogo fulani uliiweka wadi hii na si ile.

## Hatua ya 1: Tenganisha ngazi mbili za utawala

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na nitakaa hapa kidogo.

Kila kaunti ina ngazi mbili za utawala zinazopita juu ya ardhi ile ile. Ya kwanza ni ya serikali kuu: kamishna wa kaunti, naibu kamishna anayesimamia kaunti ndogo, kamishna msaidizi anayesimamia tarafa, chifu wa kata, na naibu wa chifu wa kata ndogo. Ya pili ni ya ugatuzi na uchaguzi: kaunti yenye gavana, eneobunge lenye mbunge, na wadi yenye mwakilishi katika bunge la kaunti.

Ugumu unatokana na jina "kaunti ndogo" kutumika pande zote mbili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kaunti ndogo za serikali ya kaunti ziwe sawa na idadi ya maeneobunge. Kwa hivyo Tharaka-Nithi, yenye maeneobunge matatu ya Maara, Chuka/Igambang'ombe na Tharaka, ina kaunti ndogo tatu ukiuliza katika ofisi za gavana. Ukiuliza katika ofisi za kamishna, utatajiwa zaidi ya tatu. Sensa ya 2019 ilifuata mpangilio wa kamishna, nayo ilichapisha kaunti ndogo tano: Igambang'ombe, Maara, Meru South, Tharaka North na Tharaka South.

Hakuna ofisi inayokudanganya hapo. Kila moja inajibu kwa mpangilio wake, na ni wajibu wako kujua umeuliza wa nani.

Kwenye lahajedwali, fungua kurasa mbili. Wa kwanza uupe jina "Utawala" na wa pili "Uchaguzi". Usiandike idadi yoyote kabla ya kujua ni ya ukurasa upi.

Tahadhari. Neno "kata" nchini Tanzania lina maana ya eneo la diwani, yaani kitu kilicho karibu na wadi ya Kenya. Katika mwongozo huu kata ni eneo la chifu, ambalo wengi huliita lokesheni. Wasomaji wako wakitoka pande zote mbili za mpaka, eleza hilo mwanzoni mwa andiko lako.

Dalili ya kufaulu. Unaweza kuitazama idadi yoyote uliyo nayo na kusema bila kusita ni ya eneo la chifu au ya eneo la mwakilishi wadi.

## Hatua ya 2: Andika jumla ya kaunti kabla ya kitu kingine

Wengi huanza na maeneo madogo wakitumaini jumla itajitokeza. Anza juu, kwa sababu jumla rasmi ndiyo mizani utakayopimia kila hatua inayofuata.

Sensa ya 2019, iliyohesabu watu kwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, iliipa Tharaka-Nithi watu 393,177. Wanaume walikuwa 193,764, wanawake 199,406, na watu wenye jinsia mbili 7. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sensa ya Kenya kulihesabu kundi hili la mwisho peke yake, na kitaifa lilikuwa na watu 1,524. Ukijumlisha wanaume na wanawake peke yao, utapungukiwa na watu saba, na hao saba ni wakazi wa kaunti hii kama wengine wote.

Kumbuka pia kwamba mtu alihesabiwa pale alipolala usiku huo, si pale alipozaliwa wala alipojiandikisha kupiga kura. Sajili ya wapiga kura haiwezi kuwa mbadala wa sensa, hata unapoona inakaribiana nayo.

## Hatua ya 3: Jaza kaunti ndogo, pamoja na mstari usio na chifu

Kwenye ukurasa wa Utawala, andika kaunti ndogo kama zilivyo katika Juzuu ya Kwanza:

- Igambang'ombe: 53,210
- Maara: 114,894
- Meru South: 91,080
- Tharaka North: 58,345
- Tharaka South: 75,250
- Msitu wa Mlima Kenya: 398

Mstari wa mwisho ndio unaoachwa mara nyingi zaidi. Msitu si kaunti ndogo, hauna naibu kamishna, na mwandishi anayetafuta majina ya utawala huuruka kwa nia njema kabisa. Lakini watu 398 walihesabiwa ndani yake na wamo katika jumla ya kaunti. Kaunti nyingine zinazopakana na misitu mikubwa au mbuga za wanyama zina mistari ya namna hii pia, na kanuni ni kwamba kila mstari uliomo katika jedwali rasmi uingie katika lako, hata kama jina lake halikupendezi.

Mtego wa pili upo kwenye jina la Meru South. Anayetafuta kaunti kwa majina huiona, hudhani ni ya Kaunti ya Meru, na kuiondoa. Mji wa Chuka umo ndani ya kaunti ndogo hiyo, kwa hivyo kuiondoa ni kuukata mji mkubwa kabisa wa Tharaka-Nithi. Jina la eneo halithibitishi mahali lilipo, bali ramani na jedwali ndivyo vinavyothibitisha.

Dalili ya kufaulu. Mistari sita inajumlika kuwa 393,177 kamili. Ikitofautiana hata kwa mtu mmoja, simama.

## Hatua ya 4: Teremka hadi kata na kata ndogo

Sasa tumia Juzuu ya Pili. Fanya kaunti ndogo moja hadi iishe, uhakiki jumla yake, ndipo uende nyingine. Ukinakili kaunti nzima kwa mkupuo mmoja na kukosea, utakuwa na mamia ya mistari ya kupekua.

Katika jedwali hilo, mistari ya ngazi tofauti imepangwa mmoja chini ya mwingine: kaunti ndogo, kisha kata yake, kisha kata ndogo zake. Mstari wa kata ni jumla ya kata ndogo zilizo chini yake. Anayejumlisha safu nzima kutoka juu hadi chini anamhesabu kila mkazi mara kadhaa. Ongeza safu moja ya ziada kwenye lahajedwali lako, uandike humo ngazi ya kila mstari, na ujumlishe ngazi moja tu kwa wakati.

Linganisha majina na orodha ya sasa uliyoipata kwa naibu kamishna. Utakuta kata na kata ndogo ambazo hazimo katika sensa, kwa kuwa zimegawanywa baadaye. Usizipe idadi ya kubuni. Ziandike kama maelezo kando ya kata ndogo mama, ukisema kwamba idadi ya 2019 ni ya eneo zima kabla ya kugawanywa.

Ikiwa unaandika kuhusu kaya pia, nakili safu ya kaya papo hapo, na uwe mwangalifu na kata ndogo zenye magereza au hospitali kubwa, ambako kugawanya watu kwa kaya kunaweza kutoa wastani usioaminika. Wastani wa kitaifa ulikuwa watu 3.9 kwa kaya. Kata ndogo inayokupa 11 inahitaji kuchunguzwa kabla ya kuandikwa.

## Hatua ya 5: Pata idadi ya watu kwa wadi

Hii ndiyo hatua inayohitajiwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi. Mradi wa maji, basari na zahanati hupangwa kwa wadi, lakini juzuu mbili za sensa zimepangwa kwa ngazi ya machifu.

Tharaka-Nithi ina wadi 15, tano katika kila eneobunge. Maara ina Mitheru, Muthambi, Mwimbi, Ganga na Chogoria. Chuka/Igambang'ombe ina Mariani, Karingani, Magumoni, Mugwe na Igambang'ombe. Tharaka ina Gatunga, Mukothima, Nkondi, Chiakariga na Marimanti.

Tazama jina la Igambang'ombe. Ni wadi moja kati ya tano, ni kaunti ndogo ya sensa, na ni nusu ya jina la eneobunge. Idadi ya 53,210 ni ya kaunti ndogo, lakini mara kwa mara huandikwa mbele ya wadi. Kosa hilo hujificha vizuri kwa sababu jina ni sahihi, idadi ni sahihi, na chanzo ni sahihi. Kisichofaa ni kuviweka pamoja.

Fanya hivi kwa kila wadi:

1. Fungua agizo la mipaka la 2012 na unakili kata ndogo zinazounda wadi hiyo.
2. Zitafute kata ndogo hizo katika jedwali lako la Hatua ya 4, na uandike jina la wadi mbele ya kila moja.
3. Ukikuta kata ndogo ya sensa ya 2019 ambayo haimo katika agizo la 2012, basi huenda ilizaliwa kati ya miaka hiyo. Muulize chifu au naibu wake ilimegwa kutoka wapi, kisha uiweke katika wadi ya kata ndogo mama.
4. Ukikuta kata ndogo iliyopitiwa na mpaka wa wadi mbili, usiigawe nusu kwa nusu. Iandike nzima upande mmoja na uweke maelezo, au uombe msaada wa ofisi ya takwimu ya kaunti.
5. Jumlisha kata ndogo kwa wadi, kisha wadi kwa eneobunge.

Tahadhari kubwa. Idadi za wadi zinazozunguka katika nyaraka nyingi ni za Sensa ya 2009, kwa kuwa ndizo zilizotumika kuchora mipaka ya 2012. Utazitambua kwa jumla zake: Chuka/Igambang'ombe 128,107, Maara 107,125 na Tharaka 130,098, ambazo kwa pamoja ni 365,330. Hiyo ndiyo idadi ya kaunti ya mwaka 2009. Waraka unaweza kuwa umechapishwa juzi na bado ukabeba idadi hizo.

Dalili ya kufaulu. Kila kata ndogo ina jina la wadi moja mbele yake, hakuna iliyobaki wazi, na jumla ya wadi zote 15 pamoja na mstari wa msitu, ikiwa umeutenga, inarudi 393,177.

## Hatua ya 6: Eneo na msongamano

Kwa sensa ya 2019, kaunti hii ilipewa ukubwa wa kilomita za mraba 2,564 hivi, na msongamano wa watu 153 kwa kila kilomita ya mraba. Msongamano wa nchi nzima ulikuwa 82. Nyaraka nyingine hutaja ukubwa unaozidi kilomita za mraba 2,600. Chagua chanzo kimoja, ukitumie kwa safu nzima, na ukitaje. Kuchukua watu kutoka sensa na ardhi kutoka waraka mwingine hutoa msongamano usiolingana na wa mtu yeyote.

Unapopata msongamano wa eneobunge kutokana na sehemu zake, jumlisha watu wote, jumlisha ardhi yote, kisha ugawanye. Usichukue msongamano wa kila sehemu na kuutafutia wastani, kwa sababu sehemu ndogo yenye watu wengi itaonekana kuwa na uzito sawa na nyika.

Katika kaunti hii tofauti hiyo ni kubwa. Miteremko ya Maara na Chuka, yenye chai na kahawa, imejaa watu kwenye vipande vidogo vya mashamba, ilhali nyanda kame za Tharaka zinazoshuka kuelekea Mto Tana zina makazi yaliyotawanyika. Anayeandika 153 peke yake na kuachia hapo hajamsaidia afisa anayepanga mwendo wa mama mjamzito hadi zahanati.

## Hatua ya 7: Linganisha miaka, ukihakikisha ardhi ni ile ile

Kaunti nzima ni rahisi: kutoka 365,330 mwaka 2009 hadi 393,177 mwaka 2019, ongezeko la watu 27,847, yaani asilimia 7.6 kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho, idadi ya Wakenya wote ilipanda kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296, ambayo ni asilimia 23.

Chini ya kaunti, kazi inataka uangalifu. Ukiunganisha Meru South na Igambang'ombe unapata watu 144,290, ambao unaweza kuwalinganisha na 128,107 wa eneobunge la Chuka/Igambang'ombe. Tharaka North na Tharaka South zinakupa 133,595 dhidi ya 130,098. Maara ni 114,894 dhidi ya 107,125. Ongezeko lingekuwa takriban asilimia 12.6, 2.7 na 7.3 kwa mpangilio huo. Nasema "lingekuwa" kwa sababu ulinganisho huu unasimama tu ikiwa mipaka ya kaunti ndogo inafuata ile ya eneobunge kila mahali. Uthibitishe kwa kata ndogo za Hatua ya 5 kabla ya kuuchapisha, na ueleze namna ulivyothibitisha.

Jedwali halisemi sababu. Ongezeko dogo la Tharaka linaweza kukushawishi uandike kuhusu ukame na vijana kuhamia mijini, lakini idadi hizi mbili pekee haziwezi kubeba hoja hiyo.

Ukihitaji idadi ya mwaka huu, tumia makadirio ya KNBS ya ngazi ya kaunti na uyaite makadirio. Usiikuze kata ndogo kwa kiwango cha kaunti nzima. Sehemu tatu zilizotajwa hapo juu zinatosha kuonyesha jinsi kiwango kimoja kingezidanganya zote.

## Hatua ya 8: Soma pengo

Jumla ikikataa kulingana, usianze kuhesabu upya. Toa jumla yako kutoka 393,177 na ulitazame pengo lenyewe, kwa maana ukubwa wake mara nyingi huelekeza moja kwa moja kwenye kosa.

- Umepungukiwa na 7: umejumlisha wanaume na wanawake pekee.
- Umepungukiwa na 398: umeuacha msitu.
- Umepungukiwa na 91,080: umeipeleka Meru South katika kaunti jirani.
- Umepungukiwa na 27,847: safu yako nzima ni ya 2009.
- Umezidisha kwa 133,595: Tharaka imeingia kama eneobunge na tena kama kaunti ndogo mbili.
- Umepata 786,354: umejumlisha mistari ya juu pamoja na ya chini yake.

Pengo lisilofanana na lolote kati ya hayo, jaribu kuligawanya kwa tisa. Likigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kunakili. Kwa mfano, 58,345 ikiandikwa 53,845, pengo ni 4,500, yaani 9 mara 500. Njia hii ya wahasibu imeniokolea siku nzima za kazi, na ninaiamini kuliko kusoma mistari mmoja mmoja kwa macho yaliyochoka.

Kwa kaunti yako, tengeneza orodha ya mapengo ya namna hii kabla ya kuanza Hatua ya 4. Unahitaji tu jumla za sensa mbili, idadi ya kila kaunti ndogo, na mistari ya misitu au mbuga.

## Hatua ya 9: Andika maelezo ya chini ya jedwali

Jedwali lisilo na maelezo hunakiliwa na mtu mwingine, naye huliharibu bila kujua. Weka chini yake sentensi chache zinazotaja sensa, tarehe, mpangilio wa utawala uliofuatwa, na kila uamuzi ulioufanya kutoka kwenye daftari lako. Unaweza kuanzia hapa na kubadilisha kulingana na kaunti yako:

"Idadi zote ni za Sensa ya 2019, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kaunti ndogo ni za utawala wa serikali kuu kama zilivyochapishwa katika sensa, na si maeneobunge. Idadi za wadi zimepatikana kwa kujumlisha kata ndogo kulingana na mipaka ya 2012. Kata ndogo zilizogawanywa baadaye zimehesabiwa pamoja na kata ndogo mama. Jumla inajumuisha watu wenye jinsia mbili na wakazi wa msituni."